Rejeta ya maji haitaokoa kasha lisilopumua

Swali: Habari za kazi, fundi. Nimejiundia kompyuta ya mezani ya kuhariri video. Ina prosesa Core i7-13700K, ubao mama wa B660 wa DDR4, kadi ya michoro RTX 4070, pawa saplai ya wati 650, na kasha lenye kioo mbele na ubavuni na feni moja nyuma. Kipozaji ni cha mnara, nimekihamisha kutoka kompyuta yangu ya zamani ya soketi 1200, kikakaa bila shida. Tatizo ni kwamba nikitoa video ndefu, yaani kompyuta ikigeuza nilichohariri kuwa faili kamili, prosesa inafika nyuzi 100 na kazi inapunguza mwendo. Fundi mmoja ameniambia dawa ni kuweka mfumo wa maji wenye rejeta ya milimita 240, na pawa saplai nibadilishe niweke ya wati 1000. Pia nimepata RAM (kumbukumbu ya kazi ya kompyuta) ya DDR5 ya GB 32, je, naweza kuitumia? Naomba ushauri kabla sijatoa hela.

Jibu: Nianze na RAM maana jibu lake ni fupi: hapana, haitaingia. DDR4 na DDR5 zote zina pini 288 na kwa mbali zinafanana, lakini ule mkato wa chini haupo mahali pamoja. B660 ziko za DDR4 na ziko za DDR5, ila kwa kawaida ubao mmoja hubeba aina moja tu, na wako umesema mwenyewe ni wa DDR4. Usiilazimishe, nafasi ikivunjika ubao umekwenda. Irudishe ulikoipata, uchukue jozi ya DDR4 iliyouzwa pamoja, na kama ubao una nafasi nne uzichomeke kwenye ya pili na ya nne ukihesabu kutoka upande wa prosesa.

Sasa hilo la maji.

Kila ninapoletewa kompyuta inayochemka, mwenyewe ameshaambiwa na mtu anunue mfumo wa maji. Nimechoka kuusikia ushauri huu, kwa sababu anayeutoa mara nyingi hajaligusa hata kasha lenyewe kuona hewa inaingilia wapi. Watu wameaminishwa kwamba maji yanaua joto. Maji hayaui joto. Yanalichukua kwenye prosesa na kulipeleka kwenye rejeta, na kutoka hapo ni hewa ileile ya ndani ya kasha inayotakiwa kulipokea na kulitoa nje. Kama hewa haiingii, umelihamisha joto sentimita chache tu na umelipa hela nyingi kwa kazi hiyo.

Fanya hesabu ya kompyuta yako. Intel wenyewe wanasema i7-13700K inaweza kula hadi wati 253 ikiwa kazini kwa nguvu zote. RTX 4070 inakula wati 200. Umeme wote huo mwisho wake ni joto, hakuna unakopotelea kwingine. Basi vyote viwili vikikaza una wati 450 za joto ndani ya kasha lenye feni moja na kioo usoni. Hewa ikipita lita 10 kwa sekunde, kila nyuzi 1 inayopanda imebeba takribani wati 12. Gawa 450 kwa 12: hewa ya ndani itapanda nyuzi 37 juu ya ile ya chumbani. Chumba kikiwa na nyuzi 28, kipozaji chako kinajaribu kupoza prosesa kwa hewa ya nyuzi 65. Ongeza hewa ifike lita 30 kwa sekunde, na kupanda kule kunashuka hadi nyuzi 12 hivi. Hujabadilisha kipozaji, hujagusa prosesa, na umepata nyuzi 25. Rejeta ya milimita 240 ndani ya kasha hilohilo lililozibwa itapozwa na hewa ileile ya moto.

Kwa nini basi watu wanaapa kwamba maji yamewasaidia? Kwa sababu walionyeshwa kwa dakika tano. Maji yanachelewa kupata moto. Nusu lita ya maji inahitaji jouli 2,100 hivi ili ipande nyuzi 1, na prosesa inayotoa wati 200 hutumia kama sekunde 10 kuzalisha kiasi hicho. Mwanzoni kwa hiyo unaona namba nzuri sana, nyuzi 60, nyuzi 65, fundi anakuonyesha skrini, unalipa, unakwenda nyumbani. Ukishaanza kutoa video ya saa nzima, maji yanazidi kupata moto, rejeta inajaa joto, na baada ya dakika ishirini au thelathini uko palepale ulipokuwa, ila sasa una pampu ambayo siku ikifa prosesa itaruka hadi kikomo ndani ya muda mfupi. Kipozaji cha mnara feni yake ikifa, mabati yake bado yanatoa joto kidogo na unapata nafasi ya kuzima.

Sisemi mfumo wa maji haufai. Kwenye kasha linalopumua, rejeta kubwa na prosesa ya wati 253 ni ndoa nzuri. Ninachokataa ni kuuza maji kabla ya kupima.

Na kupima kwenyewe ni bure. Anzisha ile kazi yako ya kutoa video na utazame namba za joto tangu sekunde ya kwanza. Joto likiruka hadi nyuzi 100 ndani ya sekunde mbili au tatu, hapo usilaumu hewa ya kasha, maana mabati ya kipozaji hayajapata hata muda wa kushika moto. Hiyo ni dalili kwamba kipozaji hakijakaa sawasawa juu ya prosesa, au prosesa imeachiwa umeme mwingi kupita uwezo wa kipozaji. Likipanda taratibu, likafika juu baada ya robo saa, kasha lako limekosa pumzi. Kisha toa ubavu mmoja wa kasha, urudie kazi ileile kwa muda uleule. Joto likishuka nyuzi kumi au zaidi, tatizo ni njia ya hewa. Lisiposhuka, rudi kwenye kipozaji. Lakini ubavu wazi ni kipimo tu, usiuache hivyo ukasema umemaliza, maana vumbi litaingia kila kona na ule mkondo wa kutoka mbele kwenda nyuma utavurugika.

Kwako wewe nashuku yote mawili, kwa sababu kuna sentensi moja umeipitia haraka: kwamba kipozaji cha soketi 1200 kilikaa bila shida. Matundu ya kufungia kipozaji kwenye soketi 1200 yako umbali wa milimita 75, na kwenye soketi 1700, ambayo ndiyo ya ubao wako, ni milimita 78. Baadhi ya bodi za 1700 zimetobolewa mifumo yote miwili, ndiyo maana chako kimeingia. Ila prosesa ya 1700 imekaa chini kidogo kuliko ya zamani, tofauti isiyofika milimita moja, na kwa kifungio cha zamani tofauti hiyo inatosha kupunguza mkandamizo. Kipozaji kinaonekana kimefungwa, hakitikisiki, kumbe kinagusa kinyonge.

Kitoe ukiangalie. Kwanza iwashe kompyuta dakika kadhaa ili pesti, ile krimu ya kupitisha joto kati ya prosesa na kipozaji, ilainike, izime, chomoa umeme, kisha kizungushe taratibu kulia na kushoto kabla ya kukinyanyua. Tazama alama ya pesti chini yake. Ikiwa imekandamizwa vizuri utaona utando mwembamba katikati unaokaribia kuonyesha rangi ya chuma, na iliyozidi imesukumwa pembeni. Ukiona upande mmoja ni mwembamba na wa pili umebaki mnene, au katikati pesti imekaa kama ulivyoiweka, jibu umelipata bila kununua rejeta. Na kama bado kuna ile nailoni ya kinga iliyoandikwa ubandue, ibandue. Naikuta mara nyingi kwenye mashine za watu makini kabisa. Watengenezaji wengi wakubwa wa vipozaji, Noctua wakiwa mmojawapo, walitoa vifungio vya soketi 1700 kwa vipozaji vyao vya zamani. Tafuta cha kwako kwa jina la kipozaji. Kikikosekana, nunua kipozaji kipya cha mnara cha ukubwa wa kueleweka, lakini kwanza soma kwenye maelezo ya kasha urefu wa juu wa kipozaji linaoruhusu. Vingi vizuri vina milimita 155 hadi 165, na kasha lisipofika hapo ubavu hautafunga.

Baada ya hapo ingia BIOS, ile programu ya mipangilio iliyomo kwenye ubao mama. Bodi nyingi zimekuwa zikija na mipaka ya umeme iliyoachwa wazi kabisa, prosesa ijichotee itakavyo. Weka mipaka ya Intel. Kazi zako zikiwa ndefu, jaribu hata wati 180 uone: muda wa kutoa video utaongezeka kidogo tu, na joto litashuka sana, kwa sababu wati za mwisho ndizo zenye faida ndogo kuliko zote. Hii ni prosesa yenye herufi K, yaani iliyoachwa wazi kukazwa, kwenye B660, ubao ambao hauruhusu kuikaza zaidi ya mwendo wake wa kiwandani, kwa hiyo hakuna kikubwa unachopoteza kwa kuituliza.

Ukiwa hapohapo angalia toleo la BIOS. Mwaka 2024 Intel walikiri kwamba prosesa za mezani za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa zikipewa volti za juu kupita kiasi na nyingine zikaharibika, wakatoa marekebisho kupitia BIOS na kuongeza dhamana kwa miaka miwili. Prosesa yako imo kwenye kundi hilo. Kama tangu uijenge hujasasisha BIOS, hii ndiyo kazi ya haraka kuliko zote nilizozitaja humu, hata joto lisubiri. Prosesa iliyokwisha kuumia haiponywi na sasisho. Ukianza kuona programu zinajifunga bila sababu, fuatilia dhamana.

Kasha. Kama nyuma ya kile kioo kuna upenyo mwembamba pembeni tu, linavuta hewa kama mtu anayepumua kupitia kitambaa kilicholowa, na hata ukiweka feni tatu nyuma ya kioo hicho utapata kelele zaidi kuliko hewa. Tafuta kasha lenye wavu mbele, weka feni mbili za milimita 140 au tatu za 120 zikiingiza, moja nyuma ikitoa. Mwelekeo wa feni usiubahatishe: kwa feni nyingi za kawaida hewa hutokea upande ule wenye fremu inayoshika mota. Nimeona makasha yenye feni sita zote zikitoa nje, hakuna hata moja inayoingiza, na mwenyewe anashangaa.

Pawa saplai ya wati 1000 huihitaji. Wati 253 za prosesa, 200 za kadi, weka 60 za vitu vingine, hujafika 520, na Nvidia wenyewe wanapendekeza wati 650 kwa RTX 4070. Cha kukagua ni kama hizo 650 ni za kweli. Soma kibandiko, utafute mstari wa volti 12, uzidishe ampea zake kwa 12. Ampea 54 ni wati 648, hiyo ni safi. Ukikuta ampea 38 ni wati 456, basi namba iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi imekudanganya, na hapo badilisha, uchukue 650 au 750 ya kampuni inayoheshimika. Alama ya 80 Plus inaeleza ufanisi wa kubadili umeme tu, haikuhakikishii kwamba vilivyomo ndani ni imara. Na ukibadilisha, badilisha na nyaya zake zote. Nyaya za pawa saplai moja zinaweza kuingia kwenye nyingine na kupeleka volti pasipostahili. Diski nyingi zimeungua hivyo, na data yake haikurudi.

Mengine ninayokutana nayo ni haya. Dawa ya meno badala ya pesti: siku ya kwanza inapoza, kisha inakauka na kupasuka, na unyevu wake hautakiwi karibu na soketi. Programu za kupakua zinazodai kupoza kompyuta: programu inaweza kupunguza umeme au kuongeza kasi ya feni, mambo ambayo BIOS yako inayafanya bure, zaidi ya hapo ni uongo. Pesti ya metali ya maji inayosifiwa sana: ina galiamu, na galiamu hula alumini, ikidondokea kwenye ubao inapitisha umeme. Kurasa zinazokupa asilimia ya jinsi prosesa inavyoibana kadi yako ya michoro: asilimia hiyo hiyo moja haiwezi kuwa kweli kwa kuhariri video na kwa michezo, kwa sababu kila kazi inabana mahali pake.

Vijana wengi wanatoa akiba ya miezi kwa ajili ya mashine ya kazi, halafu wanauziwa kifaa juu ya kifaa na mtu ambaye hajawahi kufungua hata kurasa za vipimo vya watengenezaji, ambazo ziko wazi kwa kila mtu: urefu wa kipozaji, orodha ya prosesa ambazo ubao unazikubali na toleo la BIOS linalohitajika, aina ya RAM, urefu wa kadi. Mtu anayekushauri kununua bila kuzitaja kurasa hizo anakisia kwa hela yako. Na ukimpa fundi kazi ya joto, mpe faili lako halisi la video, mwambie arudishe ubavu wa kasha, aanzishe kazi, muiache ikimbie nusu saa huku namba za joto zikirekodiwa. Matokeo ya dakika tano kasha likiwa wazi mezani usiyalipie.