Kabla hujalipia gunia, mjue kwanza fukusi, yule mdudu wa mahindi

Wewe unaanza biashara ya nafaka hapa Nairobi, iwe Nyamakima ama huko Kayole, sikiza. Mimi nikianza nilichukua gunia nne za mahindi kwa lori, nikafungua moja nikaangalia juu, punje safi zinang'aa, nikalipa. Mwezi hivi ukapita, naingiza mkono ndani nasikia joto, na ukinyamaza unasikia vitu zinakwaruza kwaruza. Kumwaga kwa turubai, wueh!

Shida ni hii, fukusi jike hatagi juu ya punje. Anatoboa na ule mdomo wake, anaweka yai kwa hicho kishimo halafu anaziba na ute, wewe huoni kitu. Funza wake mweupe hana miguu, anakula akiwa humo humo ndani mpaka anageuka mdudu kamili ndio anatoboa kutoka, na kukiwa na joto na unyevu mambo yote hayo ni kama wiki tano tu. Kwa hio ukiona vitundu viwili vitatu jua wenzake bado wako ndani. Siku hizi mimi natia konzi moja kwa kikombe cha maji, zenye zimeliwa zinaelea. Muuzaji atanuna, mwache anune.

Sasa chukua mmoja umweke kwa karatasi nyeupe. Atakunja miguu ajifanye amekufa (mara ya kwanza nilidanganyika kabisa), ngoja kidogo ataanza kutembea. Ni milimita 3 ama 4 hivi, kahawia inaelekea nyeusi, ana mkonga kama wa ndovu, na ukimvuta karibu na kamera ya simu utaona madoa manne mekundu-mekundu mgongoni. Kama hana mkonga, ukimwangalia kutoka juu kichwa kimejificha, na huko nyuma ni kama amekatwa na kisu, huyo si fukusi, huyo ni Osama (dumuzi), mdudu mwingine wa mahindi, yule aliingia Kenya 1983, na utamjua pia na unga mwingi anaacha chini ya gunia. Hapo hata usibishane bei, ondoka.

Fukusi wa mahindi anaruka pia, kwa hio mara ingine anaanzia shambani mahindi ikiwa bado haijavunwa. Usiweke stoo kitu haijakauka vizuri.

Na gunia za zamani usizirudie hivi hivi, fukusi mkubwa anaishi miezi mingi. Zangu naanika juani halafu nakung'uta, na bado kuna wawili watatu huanguka chini, miguu imekunjwa, eti wamekufa.