Kijana wa miaka 6 "bado mudogo"? Mama, muandikishe hii mwaka

Jambo mama, nimesoma swali yako mara mbili. Kijana wako alitimiza miaka 6 mwezi wa saba, papa yake anasema angojee mwaka ingine juu mwili yake iko mudogo na juu "kijana hachelewi", na weye uko unaogopa ugomvi ndani ya nyumba. Nitakujibu kirefu, hii mambo inanigusa sana. Nimefundisha darasa ya kwanza hapa Goma, upande wa Ndosho, miaka 14, na mbele ya kufundisha nilikuwa na mudogo wangu mwenye walimungojesha vilevile.

Tulikuwa Masisi. Alifikisha miaka 6, mama akamupeleka kwa masomo, mwalimu akamwambia apitishe mukono juu ya kichwa ashike sikio ya upande ingine. Unajua ile kipimo, wazee wetu bengi balipita pale. Nilikuwa nimesimama ku mulango nikimuangalia. Alivuta mukono, akapindisha kichwa mpaka shingo ikalala upande, vidole vikafika juu kidogo ya sikio, havikugusa. Mwalimu akasema mama amurudishe, atakuja mwaka kesho. Mutoto alikuwa na miaka yake 6 kamili, ila alishapita ndani ya kwashiorkor, ule ugonjwa wa kukosa chakula ya kutosha, akiwa na miaka 2 na mwili haikurudisha kile ilipoteza. Walipima mukono, hawakupima miaka.

Mwaka kesho ilipofika ng'ombe zilikuwa zinangojea mutu wa kuzichunga, na nani atachunga kama si kijana? Akaingia darasa ya kwanza ana miaka 9. Ku darasa ya ine alikuwa na 13 juu alirudia mara moja, anakaa bench moja na batoto wa miaka 9, magoti inagonga meza, wakicheka anaona ni yeye banacheka. Benzake ba umri wake balikuwa banasukuma chukudu, ile kinga ya mbao ya kubebea mizigo, mpaka Sake na kurudia na pesa mfukoni. Siku moja hakuenda tena, hakuna mutu alimufukuza. Leo ni papa wa batoto, na kila message ananitumia ku WhatsApp ni ya sauti, juu kuandika haiwezi. Sijafuta hata moja.

Ndio maana nakuambia mama, kuchelewa haionekani ku mwaka ya kwanza. Ku mwaka ya kwanza kijana mukubwa anaonekana hata ana akili kuliko benzake, bazazi banafurahi. Inaonekana ku ya ine, ku ya tano, wakati mwili yake imeanza kuweza kazi na masomo ingali mbali kuisha. Kijana mwenye aliingia na miaka 6 anamaliza ya sita ana 12, bado ni mutoto, hakuna mwenye atamuita kubeba mizigo. Mwenye aliingia na 9 anamaliza na 15 kama hakurudia hata mara moja.

Hii ya "mwili mudogo" haiko ya hapa kwetu tu. Watafiti wawili, Paul Glewwe na Hanan Jacoby, waliandika 1995 juu ya Ghana, wakaona utapiamlo wa utotoni ndio ulikuwa unachelewesha batoto kuingia masomo, bazazi banaangalia mutoto mufupi banasema hajakomaa. Kule Lesotho bavulana banachelewa ama banakosa kabisa juu banatumwa milimani na mifugo, sawa vile mudogo wangu. Tunasema sana juu ya binti kunyimwa masomo na ni haki kusema, nami nitaendelea kusema, lakini kijana naye anapotea, anapotea polepole, na kila mutu anadhani ana wakati.

Na msidanganywe na hesabu mukisikia ku radio asema batoto bengi bameingia darasa ya kwanza. Kuna hesabu mbili. Moja inahesabu kila mwenye aliingia, awe na 6 ao 11, inagawa na batoto benye umri wa kuanza, njo maana inaweza kupita hata asilimia 100. Ingine inahesabu bale tu benye baliingia na umri yenyewe, na hii ya pili njo inaonyesha ukweli. Malawi walipoondoa minervali, ile feza ya masomo, 1994, Uganda 1997, Kenya 2003, madarasa ilijaa batoto bakubwa benye balikuwa bamebaki nyumbani. Kwetu Congo ilikuwa vilevile mwezi wa kenda 2019 masomo ya primeri ilipofanywa bure, hata kama Katiba ilishasema hivyo tangu 2006. Asubuhi ile mama mumoja alinifikia na kijana, nikamuuliza alizaliwa mwaka gani, akanijibu "wakati M23 waliingia Goma mara ya kwanza." Bale waasi ba M23 baliingia mwezi wa 11, 2012, nikahesabu ku vidole. Kijana alikuwa anakaribia 7, na mama alikuwa amekuja kuomba nimupokee "hata kama bado mudogo". Nyuma yake kulikuwa kijana wa miaka 11 mwenye hakuwahi kushika kalamu. Nilibapokea bote wawili. Yule wa kwanza alisoma. Ule wa pili alifika mpaka Noeli.

Sasa juu ya yako. Papa yake usimupinganishe, muulize tu kijana akiwa na 13 atakuwa darasa ya ngapi, na muhesabu pamoja. Kama ni mudogo wa mwili, mupe uji asubuhi mbele ya kutoka, na umuambie mwalimu amuketishe mbele. Uniforme ikikosekana usimukalishe nyumbani juu ya shati, ongea na direkta, bengi banapokea mutoto na shati inafuata. Usingoje hata hali itulie, mwanzo wa 2025 masomo ilifungwa hapa juu ya vita na kila kijana mwenye alikuwa amengojeshwa mwaka moja akajikuta amepoteza zaidi.

Karatasi ya kuzaliwa ku komine kama unayo, beba. Sheria inatoa siku 90 kisha kuzaa za kuandikisha mutoto bure, bengi tulipitisha, na ikipita ni kupitia tribunali. Anza hiyo njia lakini usifunge kijana nyumbani ukiingojea. Nenda hii juma, mbele ya msongamano, nenda naye mwenyewe. Na kama mutu anamuambia ashike sikio, mutajie mwaka na mwezi yenye ulimuzaa.