Hisa za asubuhi-jioni au fyucha? Maswali yenu wiki hii

Tangu nigusie hapa mikataba ya fyucha za hisa, ile ya kukubaliana leo bei ya hisa za siku ya mbele, barua zenu hazijakatika. Nimechagua hizi tano.

*Nanunua Safaricom asubuhi na kuuza alasiri, kwa simu. Rafiki yangu anasema fyucha ni nafuu zaidi. Ni kweli? — Kijana, Umoja*

Ni kweli, ila rafiki amekusimulia nusu.

Tupige hesabu. Tuseme hisa iko shilingi 25 na umenunua 1,000, yaani 25,000. Kamisheni ya dalali na tozo nyinginezo, kwa mtu wa pesa kidogo, hukaribia asilimia 2. Hizo ni 500 ukinunua, na 500 na kitu ukiuza. Kwa hiyo bei lazima ipande shilingi nzima na senti juu yake ndipo urudishe zako tu, hata soda hujanunua. Soko la hisa la Nairobi (NSE) linafunguliwa saa tatu na nusu asubuhi na kufungwa saa tisa alasiri. Niambie ni siku ngapi mwaka huu umeona Safaricom ikipanda asilimia 4 katikati ya hapo.

Sasa fyucha. Mkataba mmoja wa Safaricom unabeba hisa 1,000. Kwa hisa za bei kubwa kama BAT, kampuni ya sigara, unabeba 100. Soko la fyucha lilipozinduliwa Nairobi Julai 2019, ada iliwekwa asilimia 0.17 ya thamani ya mkataba. Kwa mfano wetu ni shilingi 42.50 kuingia na kama hizo kutoka. Bei ikisogea senti 10 upande wako, umeshavuka gharama.

Nusu ambayo hukusimuliwa ni hii: kwenye fyucha hulipi zile 25,000. Unaweka dhamana tu, tuseme 3,000 (kiwango hutofautiana kwa kila hisa na hubadilishwa). Bei ikishuka hadi 24, mwenye hisa amepungukiwa asilimia 4 na anaweza kuzikalia hata miaka miwili akisubiri zirudi. Wewe umepoteza 1,000 kati ya 3,000 zako, na zimekatwa jioni hiyohiyo. Ikishuka hadi 21 unadaiwa 1,000 juu ya dhamana yote.

Mimi naona hivi: kununua na kuuza hisa zenyewe kila siku kwa pesa ndogo ni kumlipia dalali kodi ya nyumba. Tangu Novemba 2021 soko linakuruhusu kununua na kuuza hisa ileile siku moja, bila kungoja siku tatu za malipo kukamilika, lakini ruhusa haibadilishi sana hesabu niliyokuonyesha. Fyucha ina hesabu nzuri zaidi, kwa mtu ambaye ana zile 25,000 zote zimelala mahali hata kama ameombwa 3,000.

*Jana usiku nilipata ujumbe niongeze dhamana. Sijauza chochote. Hasara imetoka wapi? — Muuguzi, Ngong Road*

Imetoka kwenye bei ya kufungia. Kila jioni, NSE Clear, kampuni ya soko inayosimamia malipo, hulinganisha bei ya leo na ya jana. Aliyepata huongezewa pesa taslimu, aliyepoteza hukatwa, hata kama wote wawili wamelala. Kwenye hisa hasara hukaa karatasini hadi uuze; huku haikai.

Ujumbe kama huo ulinikuta kwenye matanga huko Kakamega. Simu ilikuwa na chaji asilimia sita, mtandao unakuja na kutoweka, na wajomba wananisubiri tugawane kazi ya kuchimba kaburi. Nilitakiwa kuongeza 1,400 kabla ya saa tatu asubuhi. Niliusoma saa tano, nikiwa na udongo mikononi, na mkataba ulikuwa umeshafungwa kwa hasara. Siku mbili baadaye bei ikarudi palepale. Dalali hakuwa na kosa. Kipengele hicho kilikuwa kwenye fomu niliyotia saini nikiwa naangalia saa. Dada, kama zamu zako za usiku zinakukataza kushika simu, weka akiba ya ziada kwenye akaunti ya dhamana, au acha kabisa.

*Nikishika fyucha ya benki, gawio napata? Na muda ukiisha, napewa hisa? — Mwalimu, Kitengela*

La, na la. Gawio ni la mwenye hisa, na kura kwenye mkutano mkuu vilevile. Mikataba huisha Alhamisi ya tatu ya Machi, Juni, Septemba na Desemba, na mnamalizana kwa pesa taslimu. Hakuna hisa inayoingia kwenye akaunti yako ya CDS, ile ya kutunzia hisa.

*Nasikia kwa fyucha unaweza kupata faida hata bei ikishuka. Kwa Muislamu inafaa? — Mwenye duka, Eastleigh*

Unaweza kuanza kwa kuuza: bei ikishuka, tofauti ni yako. Lakini hapo hapo ndipo wanazuoni wengi wa fedha za Kiislamu wanapoikataa, kwa sababu unauza usichomiliki, na kwa gharari iliyomo, yaani kutojua mambo yataishia wapi. Kuhusu hisa zenyewe wengi wana masharti tu, juu ya biashara ya kampuni na madeni yake. Hukumu kamili muulize sheikh wako. Mimi ni mtu wa hesabu.

*Nikitaka kutoka haraka, mnunuzi yupo? — Mweka hazina wa chama, Rongai*

Kwenye hisa za Safaricom, Equity au KCB, kwa kawaida yupo. Kwenye fyucha za kampuni hizo, fungua kwanza ubao wa bei uutazame saa nzima kabla ya kuweka shilingi. Utaona mnunuzi mmoja kwa bei hii, muuzaji mmoja kule mbali, na katikati kimya. Ile nafuu ya ada tuliyoihesabu huweza kumezwa yote na pengo hilo. Hata Marekani biashara hii ya fyucha za hisa za kampuni mojamoja haikushamiri: iliruhusiwa mwaka 2000, ikaanza 2002, na OneChicago, soko lililokuwa likiiendesha, likafunga mwaka 2020.

Chama chenu kina watu wangapi wa kutia saini kabla pesa hazijatoka? Kama ni watatu, na mmoja yuko Mombasa, ujumbe wa kuongeza dhamana utawakuta bado mnatafutana kwa simu.