Re: iPhone ya kwanza na Nokia N95, ipi ilikuwa kali 2007?

Mkuu, kwa makaratasi N95 iliigaragaza iPhone. Kamera megapikseli 5 yenye lenzi ya Carl Zeiss, inarekodi video, ina GPS na 3G. iPhone ilikuwa na megapikseli 2, video haichukui, 3G haina, hata kunakili na kubandika maandishi kulikuja 2009. Na bei je? Dola 599 ile ya GB 8, ikashushwa hadi 399 Septemba hiyohiyo. Walionunua mwanzo walilalamika mpaka wakapewa vocha ya dola 100.

Ila N95 betri yake mAh 950, ukiwasha GPS unaiona inavyokata. Na kuperuzi? Hapo kioo cha iPhone hakikuwa na mpinzani, unakuza ukurasa kwa vidole viwili tu.