Usihesabu fremu Jumapili

*Nimezunguka Ngamiani Jumapili, nimekuta fremu 22 za maduka zimefungwa. Tanga imekufa?*

Kaka, Jumapili tena! Swali hili nalijibu kila mwezi. Ijumaa mchana watu wako msikitini, Jumapili wengi wako nyumbani, na Ramadhani migahawa hufunguliwa jua likikaribia kuzama. Ukihesabu nyakati hizo unahesabu mapumziko ya watu. Pita mara tatu: asubuhi ya siku ya kazi, jioni, kisha Jumamosi. Ukikuta imefungwa mara zote, sogea karibu.

Juzi nilisimama mbele ya fremu mbili zinazopakana. Ya kwanza kufuli limeshika kutu hadi tundu la funguo, buibui ametanda kutoka komeo hadi ukutani, na vumbi la kizingitini halina alama ya mguu. Hiyo ni tupu. Ya pili imefungwa vilevile, ila kufuli linang'aa kwa kushikwashikwa. Fundi cherehani wa jirani akaniambia ni stoo ya mchele. Kodi inalipwa, mwenye mali yupo. Ukiiandika tupu umedanganya watu.

*Kwenye daftari la kuhesabia fremu niandike nini?*

Barabara, fremu ya ngapi kutoka kona, biashara iliyokuwemo mwisho, tarehe uliyoikuta imefungwa, na namba ya simu kama imeandikwa mlangoni. Na andikeni zinazofanya kazi pia, jamani. Mnaniletea "tupu 15". Kumi na tano kati ya ngapi? Kati ya 40 ni msiba. Kati ya 300 ni watu kuhama tu. Rudia njia ileile kila baada ya miezi mitatu. Kodi zetu ni za miezi 6 au 12 kwa mkupuo, kwa hiyo mtu aliyeshindwa biashara Machi anaweza kuonekana ameondoka Septemba.

*Dalali anataka elfu ishirini kabla hajanionyesha fremu.*

Usitoe. Mlipe mkishasaini mkataba.

*Fremu jirani na kwangu ina mwaka wa pili tupu. Kwa nini mwenye nyumba hashushi kodi?*

Akishusha ya mmoja, wapangaji wengine watagonga mlango kesho yake. Nyingine zimekwama kwenye mirathi: ndugu mmoja yuko Dar, mwingine Muscat, na hakuna anayethubutu kusaini. Ndiyo maana nasema muulizeni jirani wa fremu kabla ya dalali.

*Nimepata fremu iliyokaa tupu muda mrefu, bei nzuri. Nilipie?*

Dada yangu, kagua LUKU, mita ya umeme, kwanza. Tangu 2021 kodi ya majengo, ile ya serikali, inakatwa humo. Mita isiponunuliwa umeme deni linalundikana mwezi kwa mwezi, na siku utakapoingiza pesa yako ya kwanza litakatwa humohumo. Hilo ni deni la mwenye jengo. Liandikwe kwenye mkataba kwamba analibeba yeye.

Hukuuliza kilemba, lakini nakuonya. Mpangaji anayeondoka akikuomba kilemba ili akuachie, mtafute mwenye jengo kabla hujatoa hata senti. Majengo mengi ya katikati ya mji yalitaifishwa 1971 chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 yakaingia Shirika la Nyumba la Taifa (NHC). Mtu aliyemo ndani, hata akiwa na miaka thelathini, ni mpangaji kama wewe. Ukimlipa, shirika halikutambui.

*Halmashauri haina orodha ya fremu tupu?*

Ina leseni za biashara, na leseni humwonyesha aliyepo. Anayefunga hubeba bidhaa zake usiku akaenda zake. Haendi ofisini kuaga. Mtendaji wa mtaa akiwa na mjumbe wake anaweza kuhesabu fremu zake zote kwa asubuhi moja, nami nalisema hili miaka nenda rudi. Stendi ya mabasi ilipohamia Kange, pembezoni mwa mji, abiria waliokuwa wakinunua maji, chaja na maandazi waliondoka nayo. Ni milango mingapi ilifungwa, barabara ipi, ikakaa muda gani? Tungekuwa na daftari tungejua. Badala yake kibali cha kujenga fremu nane mpya kinatolewa mtaa uleule wenye sita tupu, na kijana anachukua mkopo kuingia ya saba. Kabla ya kugonga muhuri, afisa aandike kwenye kibali idadi ya fremu tupu za mtaa huo.