Sivijointi uani: jipange na vumbi kabla ya spana

Kata kona polepole, usukani umeushika hadi mwisho, kioo umekishusha. Tairi la mbele likisema ka-ka-ka-ka, hiyo ni sivijointi ya nje, yaani kiungo kinachopeleka mzunguko wa shafti kwenye tairi hata likikatwa kona; huna haja ya kuzunguka gereji tatu kuuliza. Mvumo unaopanda kadiri mwendo unavyopanda ni wa beringi. Gari linalotetema ukikanyaga mafuta kwenye lami iliyonyooka, kagua jointi ya ndani, ile ya upande wa giaboksi.

Mimi si fundi wa kusomea. Ninakaa Nkuhungu, nina Vitz, na nimeshaibadilishia sivijointi tatu chini ya mwarobaini wa nyumbani. Wewe unayeanza utaambiwa mashimo ndiyo yanayomaliza jointi. Hapa Dodoma mwuaji ni vumbi, na vumbi hilohilo litakuharibia kazi siku ya kufunga.

Ndani ya jointi ya nje mna gololi za chuma, kwa kawaida sita, zinazotembea kwenye mifereji iliyojaa grisi, na juu yake limevalishwa raba buti. Raba likichanika, grisi hurushwa nje na mchanga huingia. Grisi na mchanga vikichanganyika vinakuwa msasa. Kwa hiyo kila unapobadilisha oili, piga magoti uchungulie nyuma ya tairi. Ukikuta grisi mbichi imepaka rimu kwa ndani na jointi bado haijalia, osha, tia grisi mpya, badilisha raba, umemaliza kwa hela ndogo. Ikishaanza kulia, raba jipya ni kumvisha maiti suti.

Dukani nenda na jointi ya zamani mkononi. Hesabu meno ya ndani yanayokaa kwenye shafti, hesabu meno ya nje yanayoingia kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, angalia kama ina ringi ya ABS, ile ya breki zinazozuia tairi kujifunga. Magari mawili ya jina moja yanaweza kutofautiana. Muuzaji atakuambia, "Hii inaingia, bosi." Hesabu tu.

Siku ya kazi nachagua asubuhi iliyotulia, maana upepo wa Julai na Agosti haufai kabisa. Namwagia uani maji, natandika turubai, na vifaa nafunika kwa kanga ya zamani.

Nati ya habu legeza gari likiwa bado chini. Kwenye Toyota ndogo nyingi ni soketi namba 30. Nyoosha kwanza ule mdomo wake uliobonyezwa, kisha mtu akae kwenye breki. Kwangu ni binti yangu. "Baba, nikanyage?" "Kanyaga, usiachie mpaka nikwambie." Mpini wa spana uongezee bomba refu.

Halafu weka mawe nyuma ya matairi ya nyuma, na ubao chini ya jeki, kwa sababu mchanga wetu unameza jeki taratibu huku wewe unapiga stori. Weka stendi. Usiingize hata mkono chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Ukishatoa tairi, fungua boljointi (kiungo cha gololi) kwenye lowa-ami, ule mkono wa chini unaoshika gurudumu, sukuma habu pembeni, shafti itachomoka. Ikikwama, rudisha nati ifike mwisho wa nyuzi, weka kipande cha mbao, ndipo upige nyundo. Mara ya kwanza niliona uvivu wa hayo yote, nikaikamata shafti nikaivuta kwa nguvu. Jointi ya nje ikatoka kwenye habu kweli, ila ya ndani nayo ikaachana. Rola moja ya hiyo jointi ya ndani ikaangukia mchangani. Niliiosha kwa dizeli mara tatu, na kila nilipoizungusha kwenye kidole bado nilisikia chenga. Jumamosi yote ikaishia hapo, na Jumatatu nikapanda daladala kwenda kazini. Sasa mkono mmoja unashika shafti isiende nje, mwingine ndio unaofanya kazi.

Kata raba la zamani, futa grisi, tafuta pete ya katikati inayoshika shafti, igonge kwa chuma laini kuelekea nje. Jointi itaruka kutoka kwenye kijiringi cha kufungia. Kabla ya kuvalisha mpya, ivishe shafti raba kwanza pamoja na klampu yake ndogo. Utasahau, kila mtu husahau mara moja, kisha anaing'oa jointi upya huku akijisonya. Weka kijiringi kipya, gonga mpaka usikie kimeingia, kisha vuta ujaribu. Grisi tumia ile nyeusi ya kwenye pakiti ya raba, si ya beringi: nusu kwenye gololi, nusu ndani ya raba. Kabla ya kukaza klampu, ingiza bisibisi nyembamba chini ya mdomo wa raba itoe hewa.

Rudisha boljointi, funga tairi, shusha gari, ndipo ukaze nati mpya. Ile ya zamani tupa. Toyota ndogo nyingi zinataka zaidi ya Nm 200 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza), kwa hiyo kama huna spana ya kupimia, azima gereji ya jirani. Bonyeza mdomo wa nati uingie kwenye kijifereji cha shafti. Halafu tafuta uwanja, zima redio, piga duara moja kushoto na moja kulia.