Kona ya Mzee: Maswali Yenu ya Mjini

SWALI: Shikamoo Mzee. Mi nasoma Chuo cha Ushirika hapa Moshi, kwetu Mwanza. Jumamosi mamdogo anakuja na wanawe wawili, wanataka kuona vitu vya kihistoria hapa mjini na kila ninayemuuliza ananiambia wapeleke Materuni kwenye maporomoko, au nenda geti la mlima. Hivi mji wenyewe hauna kitu? Halafu kwa nini kuna Moshi na kuna Old Moshi? – Mgeni wa Bondeni

JIBU: Marahaba mwanangu. Materuni pazuri sikatai, ila maji yanayoanguka hata Mwanza mtapata namna yake. Nyie anzieni stesheni ya reli, sio Mnara wa Saa kama wanavyoanza watu wote, kwa sababu huu mji ni mtoto wa reli na usipoanza na mzazi hutaelewa kitu.

Iko hivi. Moshi ya kwanza iko kule juu mlimani, ndo kwa kina Mangi Rindi na mwanae Meli (mangi ndo mtawala wa Wachaga), na Wajerumani walivyokuja wakaweka boma lao huko huko. Sasa reli walianza kuijenga Tanga 1893, ikaja inajikongoja weee mpaka 1911 ndo ikafika hapa chini, kilometa 352, na treni haipandi mgomba kwa mgomba mpaka Kidia kule juu, kwa hiyo mji ndo ukashuka kuifuata treni. Wajerumani wakapaita Neu-Moschi, Moshi Mpya, na kule juu ndo tunakoita Old Moshi mpaka leo.

Mkiwa hapo stesheni waambie watoto na hili: Kigoma wanajidai na mwisho wa reli yao, lakini na sisi tulishakuwa mwisho wa reli miaka 18, maana Arusha treni imefika 1929. Mtu wa Arusha alikuwa anashukia hapa na mizigo yake, atajua mwenyewe atafikaje. Treni ya abiria ikaja kupotea miaka mingi, watu wakafuga mbuzi kwenye reli, ikarudi Desemba 2019. Mkitaka kupiga picha muombeni kwanza mhusika, msijifanye wenyeji.

Mkitoka hapo pandeni taratibu mpaka kipilefti cha Mnara wa Saa, mtaliona jengo la KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro. Hapa wewe mwanafunzi wa ushirika ndo nitakugombeza, umekaa Moshi muda wote huo hujawahi kusimama pale ukaliangalia? Mwaka 1925 wakulima wa Kichaga walianzisha chama chao cha kahawa, KNPA, rais wake Joseph Merinyo, wakati masetla wa Kizungu hawataki hata kusikia mwafrika analima arabika, eti ataleta magonjwa shambani, kumbe shida ni bei na vibarua, mtu akishakuwa na kahawa yake atakuja kukuchumia ya kwako ili iweje? 1933 ndo ikaja KNCU kushika nafasi ya KNPA. Shule nyingi za huku mlimani zimesimama kwa hela ya kahawa, usidhani zilidondoka.

Baada ya hapo shukeni mitaa ya Mawenzi Road, mtembee macho juu, chini ni maduka ya simu tu lakini ghorofani kuna vibaraza vya zamani vya Wahindi, misikiti, hekalu. Saa moja inatosha, kula soko la Mbuyuni.

Kama mamdogo atalala, Jumapili pandeni Old Moshi kwa kupitia Kiboriloni, mkaulizie Tsudunyi. Hapo ndo Mangi Meli alinyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900 pamoja na wenzake 18, na kichwa chake kinaaminika kilipelekwa Ujerumani, familia wanakitafuta hadi leo. Mwaka 2023 vipimo vya DNA kule Berlin vilionyesha mafuvu ya baadhi ya wale walionyongwa yana ndugu zao hapa Kilimanjaro, ila la Meli bado. Nchi nzima tunamwita kila muuza duka Mangi, "Mangi nipe sukari robo", halafu Mangi mwenyewe hatujui kazikwa vipi. Kwa watoto wadogo jipime namna ya kusimulia.

SWALI: Mzee, shemeji yangu anabisha kuwa Mnara wa Saa wa Arusha ndo katikati kabisa ya Cape Town na Cairo. Tumewekeana kreti la soda. Nani anakula? – Mbishi wa Kaloleni

JIBU: Gawaneni. Cairo iko nyuzi 30 kaskazini, Cape Town karibu 34 kusini, katikati yake ni kama nyuzi 2 kusini, na Arusha iko 3 na kitu, kwa hiyo kwa kuhesabu juu na chini shemeji hajapotea sana. Ila ukivuta kamba iliyonyooka kutoka Cape Town mpaka Cairo, katikati inaangukia Kongo, mbali na hoteli zenu. Na kwa barabara inategemea umepita wapi. Huo mnara mpigie picha tu, na soda za shemeji zile zenye tangawizi nibakizie mbili.